Mashubaka ya Bibi Stoo

Katika karakana yetu ya miguu ya bandia, wagonjwa walimkumbuka Bibi Stoo kuliko walivyomkumbuka fundi aliyewachongea mguu. Fundi Mkuu alikuwa akilalamika kwa utani kwamba yeye ndiye anayewasimamisha watu, lakini wakipita kusalimia huulizia kwanza, "Bibi yupo?" Mimi hakuna aliyewahi kuniulizia, na sioni ubaya. Kazi yangu ni kukoroga plasta. Nilitoka shule ya msingi nikaingia kwenye ndoo, na kwa kuwa maneno yangu ni machache, Bibi Stoo alinipa jina la Bubu.

"Wewe Bubu," alikuwa akiniambia, "plasta inakauka upesi kuliko jibu lako."

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye gauni la kazi la buluu lililopauka mabegani. Mfuko wa kulia aliweka funguo na wa kushoto peremende za watoto, kwa hiyo akitembea upande mmoja ulilia na mwingine ulinyamaza. Hakupenda uchafu. Akiona tone la plasta sakafuni alisimama juu yake na kulitazama mpaka mwenye kosa aje na kitambaa, na mwenye kosa mara nyingi nilikuwa mimi.

Ili aeleweke, lazima nieleze kidogo kazi yetu. Mguu wa bandia huanzia kwenye kigutu, yaani pale mguu wa mtu ulipokatiwa. Zamani tulikizungushia bendeji yenye plasta, ikikauka tunaivua kama soksi, halafu mimi namimina plasta ndani yake. Linatoka umbo la kigutu kile, jeupe, zito, na fundi anajenga mguu juu ya umbo hilo. Umbo halitupwi. Mguu huchakaa, mtoto hukua, mtu hunenepa, na kila akirudi tunataka kuona alikuwaje. Ndiyo maana tulikuwa na stoo, na stoo ilikuwa na mashubaka ya mbao kutoka sakafuni mpaka darini, kila mgonjwa na shubaka lake.

Mgonjwa mpya hapimwi siku anayofika. Kidonda lazima kifunge kwanza, na hiyo inaweza kuchukua wiki au miezi. Hapo ndipo palikuwa na desturi ya Bibi Stoo ambayo sijaisikia kwingine. Siku ileile mtu anapoandikishwa, kabla hajawa na umbo wala kipimo, yeye alitoa kadi, akaandika jina, akaibana kwenye shubaka tupu. Kisha alimwongoza mgonjwa na magongo yake mpaka ndani ya stoo, akamwonyesha kwa kidole.

"Hapa ni pako. Hakuna atakayeweka kitu hapa ila wewe."

Niliona wanaume wazima wakigusa ule ubao mtupu kama wanagusa kichwa cha mtoto. Aliniambia siku moja, nikiwa nimebeba ndoo, "Bubu, mtu aliyekatwa mguu anaona kila kitu chake kinapungua. Lazima aone mahali pamoja palipoongezeka."

Kila Jumatatu asubuhi alipita mbele ya mashubaka na simu mkononi. Penye umbo alipita. Palipo patupu alisimama na kumpigia mwenyewe. "Hujambo? Kidonda kimefunga? Bado? Basi usikikune. Wiki ijayo nakupigia tena." Hivyo ndivyo watu walivyoitwa. Hatukuwa na njia nyingine, wala hatukuhitaji.

Shubaka moja la chini, karibu na mlango, halikuwahi kujazwa. Hapo alipita bila kupiga simu. Aliinama tu akapangusa vumbi.

Lilikuwa la binti yake, mtoto wake wa pekee. Binti yule alikatwa mguu kwa ugonjwa wa mfupa, akaletwa hapa na mama yake, akaandikishwa, akapewa magongo ya kuazima, akaambiwa arudi kidonda kikifunga. Kidonda kilifunga, lakini ugonjwa ulikuwa umeshapanda kifuani. Baada ya mazishi mama mtu alikuja kurudisha magongo. Enzi hizo maumbo yalikuwa yamelundikwa sakafuni kama viazi, mengine yamefutika majina. Fundi Mkuu, ambaye wakati huo alikuwa fundi mdogo tu, anasema yule mama aliweka magongo ukutani, akatazama lundo lile, akakaa chini na kuanza kuyapanga. Hakuna aliyemtuma. Jioni aliondoka na kesho yake alirudi. Baada ya mwezi ikabidi wamwajiri, maana alikuwa ndiye pekee anayejua kitu kiko wapi. Mashubaka yalipotengenezwa, kadi ya kwanza kubandikwa ilikuwa ya binti yake.

Mwaka mmoja stoo ilijaa, na Fundi Mkuu akaja kwa unyenyekevu mkubwa.

"Bibi, lile la mlangoni, kwa muda tu..."

"Lile lina mtu."

"Najua, bibi. Nasema kwa muda."

"Na yeye yupo hapo kwa muda," alisema, akaondoa birika na vikombe vyake kwenye shubaka alilokuwa akitumia kwa chai, akampa hilo.

*

Kisha ikaja skana. Ni kidude kama pasi ndogo, unakipitisha kuzunguka kigutu na umbo linatokea kwenye kompyuta. Kazi yangu ya plasta ilipungua nusu. Wakati huohuo mchwa walikuwa wameingia kwenye mbao za stoo na dari lilivuja, kwa hiyo ikaamuliwa maumbo yote ya zamani yapitishwe skana, yahifadhiwe kwenye wingu, na stoo ivunjwe. Wingu, kwa jinsi nilivyoelewa, ni kompyuta za watu wengine zilizoko mbali, ambako unapanga nafasi kama unavyopanga chumba.

Aliletwa mwanamke wa kompyuta, mpole, mwenye begi mgongoni, tuliyemwita Mtaalamu. Sote tulidhani Bibi Stoo atasusa. Yeye alivuta kiti.

"Hamisha, mwanangu. Ila nifundishe kuingia huko mwenyewe. Sitaki kubisha hodi kwenye stoo yangu."

Nilikuwa nasugua ndoo kwenye karo hapohapo, nikasikia somo zima.

"Nionyeshe mashubaka yako wapi," alisema Bibi.

"Kusema kweli, mama, huko hakuna mashubaka."

"Vitu vimelundikwa chini?"

"Vimelundikwa, ndiyo. Lakini kila kimoja kina jina refu." Mtaalamu akaandika kwenye karatasi: *wagonjwa/fulani/kigutu-cha-kulia*. "Unaona hivi vistari vilivyoinama? Hili lote ni jina la kitu kimoja. Lakini kompyuta ikiona vistari, inatuonyesha kana kwamba kuna folda ya wagonjwa, na ndani yake folda ya huyo Fulani. Ni kwa ajili ya macho yetu tu."

"Kwa hiyo ni mashubaka ya maneno matupu."

"Ndiyo, mama."

"Kama posa ya mume wangu," alisema Bibi Stoo, na walicheka wote wawili mpaka Fundi Mkuu akachungulia.

Mtaalamu alimwandikia programu fupi, mistari michache, akamweleza kila mstari unafanya nini. Ukiiambia kompyuta nionyeshe vyote, alisema, itakumwagia gunia zima, kila kipimo cha kila mtu. Lakini ukiiambia ianze na neno "wagonjwa", na ikifika kwenye kistari kinachofuata ikate hapo, basi wote wenye mwanzo mmoja itawakusanya na kukupa jina mara moja tu. Hayo majina ndiyo mashubaka.

"Na ikifika majina elfu inasimama," aliongeza. "Lazima uiambie endelea, la sivyo utadhani umeona wote. Nimeshaweka mstari wa kuiambia."

"Hata mashine hupumua?"

"Hata mashine, mama."

Bibi Stoo aliandika programu ile upya kwa kidole kimoja, mara nyingi, mpaka akaijua kwa moyo. Kisha akauliza alichokuwa akitaka kuuliza tangu mwanzo.

"Na yule ambaye hajapimwa bado? Nitamweka wapi?"

Mtaalamu akamwonyesha kitufe cha kutengeneza folda tupu. Ukibonyeza na kuandika jina, folda inatokea, na programu ikiorodhesha inaitaja pamoja na nyingine. Akaongeza mstari mmoja zaidi: kila folda isiyo na kipimo ndani, mbele yake litokee neno *anasubiriwa*. Siku hiyo Bibi Stoo aliwaandika wote waliokuwa wakingoja, mmoja mmoja. Wa mwisho aliandika *binti-wa-stoo*. Alipoendesha programu na jina lile likatokea na neno lake mbele, aliweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta, na kwa mara ya kwanza hakujali kwamba kioo kilikuwa na plasta.

Mbao zilivunjwa wiki iliyofuata. Mimi ndiye niliyezitoa nje. Mchwa walikuwa wamezila kwa ndani, nyingine zilimeguka mikononi kama mkate. Ile kadi ya mlangoni aliibandua mwenyewe, akaitia kwenye mfuko wa peremende. Kuanzia hapo mgonjwa mpya alipelekwa kwenye kompyuta badala ya stoo, akaonyeshwa jina lake. "Hapa ni pako." Maneno yalikuwa yaleyale. Watu waligusa kioo.

*

Macho ya Bibi Stoo yalikuwa yameanza kufunga kwa mtoto wa jicho, na zamu yake ya kupasuliwa ilifika wakati wa mvua. Siku chache kabla hajaondoka Mtaalamu alipiga simu. Bibi Stoo aliiweka juu ya meza kwa sauti kubwa, kwa kuwa hakuwa akiviona vitufe vizuri.

"Mama, umeme unapokatika wakati wa kuskani, huwa vinabaki vifaili vibovu. Vimejaa sasa. Havina uzito wowote, ndani hamna kitu. Nimeandika programu ya kuvifagia vyote. Nifute?"

"Kisicho na kitu ndani ni cha nini? Futa, mwanangu."

"Haya, mama. Upone salama."

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Mimi nilikuwa nakoroga, Fundi Mkuu alikuwa akipiga msasa kiungo cha goti, na hakuna aliyeinua kichwa.

Alikwenda hospitali, kisha kwa dada yake kupumzika, na mapumziko yakawa marefu kwa kuwa jicho la pili lilichelewa kupona. Kila Jumatatu Fundi Mkuu aliendesha programu kama alivyoelekezwa. Orodha ilitoka. Wagonjwa wapya aliowaandikisha yeye mwenyewe walikuwemo, wengine wakiwa na neno *anasubiriwa*, naye aliwapigia, wakaja, wakapimwa. Kazi ilikwenda. Alisema mbele yangu kwamba hajui kwa nini Bibi alikuwa akitumia asubuhi nzima kwa simu, wakati yeye anamaliza kabla chai haijapoa.

Bibi Stoo alirudi siku yenye jua, na miwani myeusi. Aliivua mlangoni, akatutazama kwa zamu.

"Kumbe Bubu una mvi," alisema. "Na wewe Fundi Mkuu, miaka yote hii nilidhani nafanya kazi na kijana."

"Karibu, bibi. Umekuja na macho ya kututukana."

Alipangusa kiti, akakaa, akaendesha programu. Sisi tuliendelea na kazi, tukifurahi kusikia funguo zake tena. Baadaye kidogo funguo zilinyamaza. Nilitazama. Alikuwa amesogeza uso karibu sana na kioo. Aliendesha mara ya pili.

"Binti yangu hayupo," alisema.

Fundi Mkuu aliweka patasi chini, akaenda akasimama nyuma yake. "Bibi, macho bado mapya. Pumzika leo."

"Haya macho mapya ndiyo yanayoona kwamba hayupo."

"Labda ni siku ya kwanza tu, kumbukumbu zinakurudia. Hata mimi nilipofiwa..."

"Yule Fundi Baiskeli yuko wapi?" aliuliza Bibi.

Fundi Mkuu aliinama kutazama orodha.

"Mwalimu wa chekechea, yule wa mguu wa kushoto, yuko wapi? Mama muuza mkaa? Hawa niliwaacha wakisubiri. Waliitwa?"

"Kwenye orodha hawakuwemo, bibi. Nilijua umeshawamaliza."

Nakumbuka nilikuwa na plasta mikononi na niliiacha ikauke hapohapo. Wote waliokuwa wakingoja siku Bibi Stoo alipoondoka walikuwa wametoweka kwenye orodha. Waliopimwa walikuwemo. Wapya walikuwemo. Waliokuwa wakisubiri tu ndio hawakuwemo.

Walimpigia Mtaalamu. Alisikiliza, akaomba dakika, tukamsikia akibonyeza. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, huko folda tupu haipo. Nilikwambia hakuna mashubaka, kuna vitu tu. Kile kitufe cha folda kilikuwa kinaweka kifaili kimoja kisicho na uzito, chenye jina la mtu na kistari mwishoni, ili pawe na alama. Nilipofagia vifaili visivyo na uzito, nilifagia na hizo alama."

"Vinarudi?"

"Havirudi."

"Nilikwambia ufute."

"Mimi ndiye niliyejua, mama. Nilijua, na sikukumbuka."

Bibi Stoo alitia mkono kwenye mfuko wa peremende. Kisha alisema jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi tangu hapo. "Shubaka la mbao likiwa tupu, utupu wake unauona. Hili likiwa tupu, halipo. Na orodha haiwezi kukwambia nani hayupo."

Hakulia. Alianza kuwataja kwa kichwa. Alimkumbuka kila mtu kwa maneno aliyosema siku alipoonyeshwa jina lake: huyu aliuliza kama ataweza kupanda ngazi, yule alisema mkewe asijulishwe. Namba za simu zilikuwa bado kwenye simu yake ya zamani. Fundi Mkuu alipiga. Wengi walikuja, wengine kwa hasira. Muuza mkaa alitutukana kwanza mlangoni ndipo akakaa. Mwalimu wa chekechea alikuwa amepata mguu kwingine, akatuombea heri kwa ubaridi. Na Fundi Baiskeli, simu yake ilipokelewa na mkewe.

"Ni nyinyi?" aliuliza yule mama. "Ngoja nimwambie. Sijui kama atataka."

*

Alikuja. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye vidole vyeusi vya grisi isiyotoka, mguu wake umekatwa chini ya goti. Zamani alitengeneza baiskeli kwenye kona ya mtaa wetu, na alipoandikishwa alikuwa na haraka kuliko wote, maana kazi yake ni ya kusimama na kuchuchumaa.

Fundi Mkuu alimlaza kwenye kitanda cha kupimia, akashika kigutu, akajaribu kunyoosha goti. Goti halikunyooka. Alisukuma taratibu, yule bwana akakunja uso, lakini goti lilibaki limepinda kama mkono wa mtu anayebeba kikapu. Mguu uliokaa umekunjwa miezi mingi kitandani na kwenye kiti huganda hivyo, kano zinafupika. Na goti lililoganda hivyo haliwezi kusimama juu ya mguu wa bandia.

"Hukuwa ukilinyoosha?"

"Mlisema mtanionyesha namna nikija kupimwa."

Fundi Mkuu alivuta shuka taratibu, akafunika kigutu. Sote watatu tulijua maana yake, na mgonjwa mwenyewe pia, kwa kuwa anajua vyuma, na anajua kitu kinapokuwa kimeshika kutu.

Bibi Stoo alikuja akasimama kando ya kitanda.

"Kila Jumatatu nilikuwa nanyoa ndevu," Fundi Baiskeli alimwambia, bila ukali. "Nakaa mlangoni na simu. Wewe ulisema Jumatatu. Nikadhani simu mbovu, nikaipeleka kwa fundi, akasema haina kitu. Mke wangu akasema labda wamesikia umekufa. Nikamwambia, basi wangekuja mazikoni, watu wenyewe wastaarabu."

Hakuna aliyecheka. Bibi Stoo angeweza kumweleza habari za vifaili na wingu. Fundi Mkuu alikuwa ameshafungua mdomo kuanza. Yeye alimzuia kwa mkono.

"Tulikusahau," alisema. "Mimi ndiye niliyesema pako papo, na mimi ndiye niliyesema pafutwe. Nilikuwa sijui, lakini nilisema."

Yule bwana alimtazama. "Ulinionyesha jina langu kwenye kioo."

"Nilikuonyesha."

"Nilimweleza kila mtu mtaani," alisema, akageukia ukutani.

Mtaalamu alikuja mwenyewe siku iliyofuata, ingawa angeweza kurekebisha akiwa kwake. Alieleza kwamba ili mtu aonekane kwenye orodha, ndani ya folda yake lazima kuwe na kitu chenye uzito.

"Uzito kiasi gani?" aliuliza Bibi.

"Hata herufi moja inatosha."

Bibi Stoo alifikiri, akasema herufi moja ni dharau. Kwa kila anayesubiri aliandika kifaili chenye maneno matatu: *Nafasi yako ipo.* Programu ikarekebishwa ikijue kifaili hicho, na anayekuwa nacho peke yake aandikwe anasubiriwa. Walikwenda jina kwa jina, Mtaalamu akiandika na Bibi akitaja, mpaka wakafika mwisho.

"Mwingine?"

"Binti wa Stoo."

"Namba yake ya simu, mama?"

"Hana."

"Alipimwa lini?"

"Hakupimwa. Hakuwahi."

Mtaalamu alinyanyua macho, akaona uso wa Bibi, akaelewa ni nani aliyekuwa amemfagia pamoja na takataka. Alifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Usililie juu ya kibodi, mwanangu," alisema Bibi Stoo. "Itaingia maji. Andika."

Aliandika maneno yaleyale matatu. Fundi Mkuu alimwuliza Bibi kama hataki kuongeza lake, maana ni mwanawe. Alisema hapana, binti yake alikuwa mgonjwa kama wengine, na kama asingekosekana yeye siku ile, wengine wasingejulikana kwamba wamekosekana.

*

Kuanzia wiki ile Bibi Stoo akitoka kazini hakwenda kwake. Alikwenda kwa Fundi Baiskeli. Alijifunza kwa Fundi Mkuu namna ya kupasha goti joto kwa kitambaa cha maji moto na kulikandamiza taratibu lifunguke. Mara ya kwanza mke wa yule bwana alimwacha amesimama nje. Alisimama. Mara ya pili alipewa kigoda. Baadaye nilisikia kwamba wanataniana, kwamba Fundi Baiskeli anamwita "jeki", kwa kuwa kazi yake ni kuinua bila kuchoka.

Niliandamana naye mara kadhaa kumbebea mfuko. Chumba chao kilikuwa na magurudumu matupu yaliyotundikwa ukutani na kitanda kimoja. Bibi Stoo alipiga magoti sakafuni kwa shida, akaweka viganja viwili juu ya goti, akaegemea kwa uzito wake wote. Baada ya muda yule bwana aliuliza, "Limeshuka?" naye akajibu, "Limeshuka kidogo." Na kweli lilishuka, mvua hadi kiangazi, mpaka kati ya goti na kitanda pakapita kiganja changu kilicholazwa tu, si ngumi nzima tena. Fundi Mkuu alilipima akasema likishuka kiasi hichohicho tena, anaweza kujaribu. Siku hiyo Bibi Stoo aligawa peremende kwa watu wazima.

Halikushuka tena. Wala Bibi hakupata muda wa kutosha wa kujaribu. Shinikizo la damu lilimwangusha akiwa anafungua mlango wa karakana asubuhi, funguo mkononi. Tulimzika kando ya binti yake, na mvua zilikuwa zimeanza upya. Fundi Baiskeli alikuja na magongo, yakizama kwenye udongo kila hatua, akakataa kushikwa. Mtaalamu alisimama nyuma kabisa. Ile kadi ya zamani tuliikuta mfukoni mwa gauni, imelainika kama kitambaa. Dada yake aliamua Bibi azikwe nayo.

Siku hizi orodha naendesha mimi. Nilishangaa nilipoambiwa, lakini Fundi Mkuu alisema nilisikia somo lote nikiwa kwenye karo, na hiyo ni kweli. Jumatatu nanawa mikono, nakaa kwenye kiti chake, naendesha programu. Majina yanashuka. Yakifika elfu inasimama kupumua, halafu inaendelea. Wanaosubiri nawapigia, na kwa kuwa kusema ni shida kwangu, nasema maneno yake: kidonda kimefunga, usikikune. Mtaalamu naye bado hupiga simu akitaka kusafisha, lakini haulizi tena kama afute. Huuliza, "Hii ni ya nani?"

Majina mawili hayabadiliki. *Binti-wa-stoo, anasubiriwa.* Hapo nasimama kidogo, napangusa kioo kwa kitambaa, napita. *Fundi-baiskeli, anasubiriwa.* Yeye simpigii. Jioni nakwenda mwenyewe. Mkewe huniwekea maji ya moto na kigoda, napiga magoti, naegemea goti kwa viganja vyangu ambavyo plasta imevikausha.

"Bubu," ananiuliza, "limeshuka?"

Halijashuka tangu siku ile Bibi alipogawa peremende, naye anajua. Namwambia limeshuka kidogo, na yeye ananishukuru, ananiambia karibu kesho.